Maswali na Majibu: Nati na Studi za Magurudumu ya Lori

Nimenunua lori lililotumika. Baadhi ya nati za magurudumu zina uso wa duara, nyingine ni bapa na zina washa inayozunguka. Zote zinaingia kwenye studi, yaani boliti za kufungia gurudumu, bila tabu. Je, nizibadilishe?

Zibadilishe, tena kabla ya safari ijayo. Nati ikiingia kwenye studi imethibitisha kwamba uzi umelingana, basi. Haijathibitisha chochote kuhusu mahali inapokutana na rimu, na hapo ndipo usalama wa gurudumu ulipo.

Magurudumu ya malori hufungwa kwa mifumo miwili. Katika mfumo wa kwanza, rimu hukaa juu ya ukingo wa habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu; habu ndiyo inayoiweka katikati, na kazi ya nati ni kubana tu. Nati zake ni bapa, zina washa isiyotoka, na matundu ya rimu yamenyooka. Katika mfumo wa pili, ambao ni wa zamani zaidi, nati zenyewe ndizo zinazoiweka rimu katikati, kwa hiyo matundu yamechongwa umbo la kikombe na nati zina uso wa duara unaolala ndani ya kikombe hicho. Ukitia nati bapa kwenye tundu la kikombe, itashika mdomo wa tundu peke yake. Ukitia nati ya duara kwenye tundu lililonyooka, itauma kingo kwa mstari mwembamba ambao utalika baada ya safari chache, na mbano utapotea hata kama fundi alikaza kwa nguvu zake zote.

Usitegemee idadi ya studi kuutambua mfumo. Malori mengi ya Amerika Kaskazini yana studi 10 zilizopangwa kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 285.75, na kipimo hicho ni kile kile kwa mifumo yote miwili, kiasi kwamba rimu isiyo yake inaweza kuingia na kuonekana imekaa vizuri. Malori ya Ulaya yenye studi 10 kwenye mduara wa milimita 335 kwa kawaida hutumia nati bapa za M22 × 1.5 (kipenyo cha milimita 22, na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), lakini nati za duara za uzi huo huo zipo pia, na nadhani hivyo ndivyo mchanganyiko wa lori lako ulivyoanza. Vua gurudumu, futa matope, kisha pitisha kidole ndani ya tundu: utausikia mwinamo wa kikombe au ukuta ulionyooka. Nunua nati zinazofuata tundu hilo, na uzinunue za gurudumu zima.

Nataka kuondoa rimu za chuma na kuweka za aluminiamu. Je, studi zilizopo zitafaa?

Mara nyingi hazitafaa, hasa nyuma kwenye magurudumu pacha. Sehemu ya rimu ya aluminiamu inayobanwa na nati ni nene kuliko ya chuma, pengine karibu mara mbili, na rimu zikiwa mbili unene huo unajumlishwa. Studi iliyokuwa imechomoza vizuri itajikuta imeishia ndani ya nati. Nati iliyoshika nyuzi chache hukazika na kumridhisha fundi, kumbe mzigo wote umebebwa na nyuzi hizo chache, na siku moja zitang'oka pamoja. Ukishakaza, ncha ya studi isiwe imebaki ndani ya nati. Ni bora ichomoze nyuzi mbili au tatu.

Njia mojawapo ni kuweka studi ndefu zaidi. Nyingine ni kutumia nati zenye shingo ndefu inayoingia ndani ya tundu la rimu na kushika uzi wa studi fupi, ila nati hizo zinahitaji rimu iliyotobolewa matundu mapana kwa ajili yake, kwa kawaida ya milimita 32 badala ya 26. Shingo haiwezi kulazimishwa kwenye tundu jembamba, wala tundu halipanuliwi kwa kuchimba.

Studi moja imekatika. Fundi anasema zilizobaki 9 zinatosha mpaka mwisho wa mwezi.

Hazitoshi, na mwezi ni mrefu mno. Gurudumu halishikiliwi na studi kwa namna ambayo msumari hushikilia picha ukutani. Nati inapokazwa, studi huvutika kidogo sana, na kwa kuwa chuma chake hutaka kurudi kwenye urefu wake, huibana rimu dhidi ya habu. Msuguano wa mbano huo ndio unaobeba mzigo, breki na kona. Studi moja ikikatika, mbano wa eneo lile hushuka, rimu huanza kucheza kwa kiasi ambacho jicho halioni, na studi za jirani hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Kwa sababu hiyo, studi moja ikikatika, badilisha hiyo na jirani zake wa pande zote mbili. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote.

Unaponunua, tazama kichwa cha studi. Alama ya 10.9 ina maana kwamba chuma kinastahimili mvuto wa takriban megapaskali 1,000 kabla ya kukatika, na kwamba huanza kurefuka bila kurudi tena kikifika asilimia 90 ya kiwango hicho. Nati inayokwenda nayo ni ya daraja la 10. Studi ya 8.8 inaweza kufanana nayo kwa uzi, urefu na rangi, lakini haitastahimili mbano ule ule. Pima pia kipenyo cha mistari ya mkwaruzo iliyo chini ya kichwa, kwa sababu ndiyo inayong'ata tundu la habu. Ikiwa pungufu kwa sehemu ya milimita, studi itazunguka ndani ya habu na nati haitakazika wala kufunguka. Studi mpya iingizwe kwa presi. Kuigonga kwa nyundo, au kuivuta kwa nati na spana ya upepo, ni kuichosha kabla haijaanza kazi.

Je, nyuzi zipakwe grisi?

Inategemea mfumo. Nati bapa za M22, za rimu zinazokaa kwenye habu, huhitaji matone machache ya mafuta ya injini kwenye nyuzi za mwisho za studi, na tone jingine kati ya nati na washa yake. Nati za duara zenye vipimo vya inchi, za malori ya zamani ya Amerika Kaskazini, hukazwa zikiwa kavu. Grisi, hasa ile nyeusi yenye molibdenamu, usiipake popote isipotajwa na mtengenezaji.

Nguvu nyingi unayoiweka kwenye spana hupotelea kwenye msuguano, na takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo huivuta studi. Ukipunguza msuguano kwa grisi, kipimo kile kile cha spana kitaivuta studi kupita kiasi. Nyuzi zikiwa kavu na zenye kutu mahali palipotakiwa mafuta, studi haitavutika vya kutosha ingawa spana imeonyesha namba sahihi. Kwa nati bapa za M22, watengenezaji wa Amerika Kaskazini hutaja niutoni-mita 610 hadi 680; kwa lori lako fuata kitabu chake. Kaza kwa kuruka kutoka nati moja hadi inayoikabili, umalizie kwa spana ya kupimia, kisha rudia kupima baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa maana rangi na vumbi vilivyobanwa kati ya rimu na habu hulika na mbano hupungua. Sehemu hizo zisipakwe rangi nzito hata kidogo.

Kwa nini nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume?

Lori lako lina mfumo wa nati za duara wenye uzi wa kushoto upande wa kushoto, kama malori mengi ya Kijapani ya viwango vya zamani vya JIS (viwango vya viwanda vya Japani), ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Angalia herufi L au R kwenye ncha ya studi kabla ya kugusa spana ya upepo, maana nati ya kulia ikilazimishwa kwenye studi ya kushoto zote mbili hufa uzi. Katika malori hayo, magurudumu pacha yana pia nati ya ndani iliyofichwa na ile ya nje. Ili kuikagua, legeza nati za nje moja baada ya kuruka moja, kaza za ndani, rudishia za nje, ndipo uende kwenye zile zilizobaki.

Vishale vya plastiki vya rangi vinavyovalishwa nati vinasaidia?

Vinasaidia kuonyesha kwamba nati imezunguka, na dereva anaweza kuviona kila anapolizunguka lori. Haviwezi kuonyesha mbano uliopungua bila nati kuzunguka, wala studi iliyovutika mno. Kwa hiyo, pamoja na vishale, tafuta michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati kuelekea ukingo wa rimu, chuma kinachong'aa kuzunguka tundu mahali rangi ilipokwaruzwa, na tundu lililoanza kuwa la mviringo mrefu. Rimu yenye tundu la namna hiyo haifai tena, hata ukiiwekea nati mpya.