"Popo wala wadudu" au "popo walao wadudu"?

Swali: Ninaandaa maelezo ya wanyama kwa ajili ya wanafunzi. Niliandika "popo ndogo wala wadudu hulala migombani", mhariri akaweka "wadogo" badala ya "ndogo" na "walao" badala ya "wala". Je, kulikuwa na haja?

Jibu: Badiliko la kwanza lilikuwa la lazima. Nomino "popo" haibadiliki umbo katika umoja na wingi, lakini kwa kuwa hutaja kiumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA: popo huyu mdogo, popo hawa wadogo.

La pili linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu "wala" yako haikuvunja kanuni. "Mla", ambayo wingi wake ni "wala", ni nomino iliyotokana na kitenzi, kama katika "simba mla watu", na katika umoja "popo mla wadudu" haina utata wowote. Tatizo huzuka katika wingi, ambapo nomino hiyo hufanana kabisa na kiunganishi cha kukanusha. Mwanafunzi akisoma "pangoni hatukuona popo wala wadudu", ataelewa kwamba hamkuona popo na hamkuona wadudu, ilhali pengine mlikuta mbu na nondo tele, na waliokosekana ni popo wa aina hiyo tu. Msemaji aweza kujiokoa kwa kiimbo. Mwandishi hana msaada huo.

"Walao" huondoa utata, na kwa kuwa ni kirejeshi kisicho na wakati, hufaa sana kueleza tabia ya kudumu. Kumbuka kwamba "ku-" ya "kula" hudondoka hapo, hivyo tusiandike "wakulao". "Wanaokula" pia ni sahihi, ila huweza kueleweka kuwa ni tendo linaloendelea sasa, mathalani "popo wanaokula nondo pale kwenye taa".

Ningependa pia urekebishe "hulala migombani", maana si popo wote wadogo walao wadudu wenye tabia hiyo. Barani Afrika yupo popo mwenye uzito wa takribani gramu 4 ambaye mchana hujificha ndani ya jani changa la mgomba likiwa bado limejikunja, na likikunjuka hulazimika kutafuta jingine. Andika basi: "Baadhi ya popo wadogo walao wadudu hujificha mchana katika majani machanga ya migomba, wengine hukaa darini au mapangoni."