Kuhusu kazi ya taa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama uache uhandisi wa umeme hapo Dar es Salaam uende Dubai kwenye ile ofisi ya ubunifu wa mwangaza wa majengo, na kama kazi hiyo ni ya mtu kuitegemea maisha. Baba yako alikujibu papo hapo uende, maana kwake yeye kila cha Dubai ni kizuri tangu arudi na lile jokofu. Mimi nimekawia.

Kula utakula. Kule mwenye jengo refu hataki jirani amshinde kwa taa. Adha ya malipo ni hii hii ya hapa: muuza taa humpa mteja mchoro wa bure ili anunue kwake, kisha wewe unayedai ada ya mchoro unaonekana mwizi. Utazoea. Ningependa uniulize jengine: utaweza kustahamili kazi yako ibadilishwe na mtu mwenye ngazi na bisibisi? Msanifu akishasimamisha ukuta, anayetaka kuuondoa atafute nyundo na kibali. Kazi yetu sisi wabunifu wa mwangaza huondolewa Ijumaa mchana, fundi akitoka msikitini.

Ile hoteli ya Shangani, basi. Najua mmechoka kuisikia, na nduguyo huondoka mezani nikiianza. Ukumbi wa juu una ukuta wa vidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta, chokaa nyeupe, nakshi za kuchongwa. Niliuwekea ukanda wa LED chini kabisa, ukiukaribia ukuta, mwanga wa manjano wa kelvini 2700 (namba ikizidi, mwanga huzidi weupe), upate kupanda juu ukiuparaza ukuta ili kila ncha ya nakshi itupe kivuli chake. Taa ile ukiirudisha nyuma mita mbili, vivuli vinakufa na ukuta unakuwa bapa kama karatasi. Nimekwambieni tangu mko skuli: mtu haji kuona taa, anakuja kuona ukuta. Akiiona taa, kazi imeharibika.

Usiku wa kufungua, mafundi wa chokaa walipanda juu, viatu mkononi. Mmoja wao, mtu mzima, alikwenda akaipapasa nakshi aliyoichonga kwa mkono wake, akaniuliza, "Kumbe nilichimba hivi?" Malipo ya kazi ile nimeshasahau yalikuwa kiasi gani. Swali lile sijalisahau.

Miezi michache baadaye nilimpeleka shangazi yako akaone. Tukakuta mataa mawili ya uwanja wa mpira, meupe pe, kelvini 6500, yamefungwa kwenye boriti. Mwenye hoteli akanambia wageni wamelalamika giza. Akaniagizia na chai. Nikainywa.

Sasa ngoja nimtetee, maana humu nyumbani hakuna mwengine wa kumtetea. Ngazi za nyumba zile ni za mawe, zimesimama, na wageni wake wengi umri umekwenda. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha ndani mwanga kama thuluthi tu ya lile la kijana wa miaka 20: mboni imesinyaa, lenzi imeingia manjano. Mgeni angeanguka pale, nani angebeba lawama? Lakini ngazi ina dawa yake, taa ndogo kwenye kila kipandio, na nilizichora! Zikakatwa kwenye bajeti, na mimi sikuitwa. Basi haki ya kuogopa anayo, haki ya kutundika mataa yale hana. Ingawa nyumba ni yake. Hapo ndipo huwa nakwama.

Ukifika huko watakutajia Richard Kelly, Mmarekani aliyeugawa mwanga mafungu matatu mwaka 1952: wa kuliongoza jicho, wa kuenea chumba kizima, na wa kumeremeta. Watakufundisha vizuri kuliko mimi. Kazi yake ninayomhusudu ni makumbusho ya sanaa ya Kimbell, Fort Worth, Texas, aliyoshirikiana na msanifu Louis Kahn, iliyofunguliwa 1972. Jua huingia kwenye ufa kileleni mwa kuba, hupiga bamba la alumini lenye vitundu, likarudi juu na kusambaa kwenye zege, na zege la kijivu likageuka rangi ya fedha. Taa huioni, unaona ukuta. Na hakuna fundi wa kupanda ngazi akalibadilisha jua.

Bibi yako aliyajua hayo bila ya Texas. Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, nyinyi mlisoma kwake Malindi kwa taa moja ya chemni, aliyoitia kidakani badala ya mezani. Mlinung'unika, naye hakuitoa. Chokaa ikaurudisha mwanga hadi mlangoni. Mimi wakati ule nilikuwa naunga nyaya za watu tu, na pale ndipo nilipoanza kuutamani ujuzi huu.

Unataka niseme nenda au baki. Jibu ninalo, na mdomo unaniwasha, lakini nikilisema utalifuata, kisha siku ya mataa meupe utanililia mimi. Sisemi. Ila waulize mambo mawili kabla hujatia saini. Mkandarasi akileta taa ya bei nafuu akadai ni "sawa na ile", nani mwenye kauli ya kuikataa? Na taa zikishafungwa, je, wabunifu wao hurudi usiku kuzielekeza, moja moja, au hutuma mchoro tu na kulala? Wakikwambia hutuma mchoro tu... haya, nimeshasema nisiseme.

Baba yako anauliza kama tiketi wanalipa wao.

Mama yako