Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, angalia friji ya jirani

Mkuu, umeuliza uangalie nini kabla hujalipia chumba na sebule cha laki na nusu hapa Dar, na dalali anadai miezi sita. Piga hesabu kwanza. Laki tisa ya mwenye nyumba, laki na nusu ya dalali kwa kuwa yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Milioni na hamsini imekutoka na hujanunua hata ndoo. Kwa hiyo usione aibu kurudi kuikagua mara tatu.

Mimi nyumba yangu ya kwanza niliiona Januari, saa saba mchana, jua linawaka, Kigogo upande unaoshuka kwenye Mto Msimbazi. Safi, rangi mpya. Friji ya jirani ilikuwa imepandishwa juu ya tofali tatu, nikadhani ndiyo mapambo yake. Ukuta wa sebule ulipakwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa goti, kuendelea juu rangi ya maji. Masika ilipoingia nikaelewa yote mawili kwa usiku mmoja, maana godoro langu lilikuwa chini. Tangu hapo nikiingia kwenye nyumba naangalia miguu ya vitu. Kabati limevimba kwa chini, ukuta ukiukwaruza kwa kucha unatoa unga wa chumvi, chemba iko juu kuliko sakafu ya choo: aga, ondoka.

Nyumba ya pili kilichonitoa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wapangaji wanne, mita moja, mwenye nyumba anasema "mtaelewana tu". Tukapatana elfu kumi kila chumba kwa mwezi. Mama wa chumba cha mbele akaleta friza, anauza barafu. Mimi nina taa mbili na pasi ya Jumapili, lakini nikisema naonekana mchoyo. Juu ya hapo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU (ilianza na elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida), na anayekatwa ni yule atakayenunua wa kwanza mwezi huo. Basi tarehe moja ikifika watu wazima wanaviziana gizani, kila mtu eti hana hela. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mkubaliane mapema atakurudishia vipi. Bora zaidi tafuta chumba chenye mita yake. Omba namba ya mita, nunua umeme wa elfu mbili kabla ya kulipa chochote, kisha soma ujumbe unaorudi. Mita yenye deni la mpangaji aliyehama itajisema yenyewe.

Maji, fungua bomba ujionee, usikubali kuonyeshwa simtanki. Ya kisima yaonje. Yakiwa chumvi hata sabuni haitoi povu.

Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, uliza nyumba ni ya nani. Dalali atanuna, mwache anune. Kuna matapeli wanaopangisha chumba kimoja kwa watu watatu, tena funguo wanakupa kabisa. Kama iko kando ya barabara kubwa, zunguka ukuta wa nje utafute X nyekundu. Waliopanga Kimara mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, hawahitaji kuelezwa.

Mwisho rudi saa tatu usiku peke yako, bila dalali. Sikiliza baa iko umbali gani, uliza geti linafungwa saa ngapi, na ukimkuta anayehama anafunga mizigo msaidie kubeba meza huku ukimuuliza kwa nini anaondoka. Mimi nyumba ninayokaa sasa, mwaka wa nne huu, niliipata kwa kubeba meza. Jamaa alikuwa anahamia kwake Chanika, hana kinyongo na mtu, akanitajia mpaka siku ambazo maji hayatoki.

Dalali akikwambia kuna mtu mwingine anakuja kulipa jioni, mwambie amruhusu alipe.