Gari linavuta kilo 3,000, mbona shemeji anakataa?

SWALI: Gari letu limeandikwa kuwa linavuta hadi kilo 3,000. Tumependa karavani, yaani tela la nyumba, ya kilo 2,000, na muuzaji anasema tutabakiwa na nafasi ya kilo 1,000 nzima. Shemeji yangu, dereva wa malori, anasema tukipanda wote watano gari halitaiweza. Nimsikilize nani?
Baba wa watatu

JIBU: Msikilize shemeji yako. Hizo kilo 2,000 ni za karavani tupu. Tia maji lita 150, tayari kilo 150. Ongeza mitungi ya gesi, matandiko, sufuria, viti, baiskeli za watoto. Mimi ningeihesabu kilo 2,400. Bado hujafika 3,000, ni kweli, lakini gari lako halitashindwa hapo.

Litashindwa kwenye shingo, yaani ule mkono wa mbele wa tela unaolalia gari. Kwa tela zito namna hiyo, shingo inatakiwa ikandamize kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Chukua 10 tu: kilo 240, na zote ni mzigo wa gari, sawa na abiria. Fungua mlango wa dereva, soma kibati kwenye fremu. Tuseme kinaruhusu mzigo wa kilo 550. Ninyi watano mkiwa kilo 320, mmeshafika 560 na buti halijatiwa hata begi moja. Kiungio cha nyuma ya gari, pale tela linapofungwa, nacho kina kikomo chake. Kikiwa kidogo kuliko cha gari, hicho ndicho cha kufuata.

Nakusihi, usirundike mzigo nyuma ya karavani ili kuipunguzia shingo. Shingo ikiwa nyepesi tela hupiga mkia: lori linakupita, upepo unalisukuma, na kila ukijaribu kulinyoosha kwa usukani linazidi kuyumba. Likikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani bila kuupeleka huku na huku. Vizito vikae chini, karibu na ekseli.

Kabla ya kulipa chochote, pakieni gari kama la safari, pandeni wote, mkalipime kwenye mizani ya malori. Toa uzito huo kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lenyewe, si zile 3,000 za kuvuta. Ikibaki nafasi ya kilo 180 kwa ajili ya shingo, tafuteni karavani isiyozidi kilo 1,500 ikiwa imejaa, maana asilimia 12 yake ndiyo hizo 180.