Mwanangu kanyimwa zawadi kwa sababu ya malaria

SWALI: Shangazi, shuleni kwa mwanangu wa darasa la 3, asiyekosa hata siku moja muhula mzima hupewa madaftari 4 mbele ya mstari. Wangu alilazwa siku 5 kwa malaria, akakosa. Analia mpaka leo. Ni haki hiyo? Mama wa watoto 3, Morogoro.

JIBU: Pole, mwanangu. Si haki. Nimeshika daftari la mahudhurio miaka 26, na zawadi hizo nami nilizitoa, kalamu za wino za fedha yangu. Asubuhi moja nikamkuta mtoto amejikunyata dawati la nyuma, meno yanagongana kwa homa, ananiambia, “Mwalimu, nimekuja, niandike.” Kalamu niliziacha siku ileile.

Kilichojaza darasa langu si zawadi, ni uji wa shuleni. Mahindi yakiisha stoo, baada ya saa 4 madawati yanabaki matupu, na siku ya mnada ndiyo usiseme.

Nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha hospitali, kwa upole. Mwombe siku za ugonjwa zisihesabiwe, na apongezwe pia yule mtoro aliyejirekebisha. Madaftari mnunulie wewe, hata mawili.