RAV4 ya 2007 au X-Trail ya 2010? Mwalimu wa Iringa ameuliza

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Iringa mjini, shamba liko Kilolo, na kila mwezi nashuka Dar mara mbili kwa mambo ya familia. Nina milioni 28. Kuna jamaa Dar anauza RAV4 ya 2007 cc 2400, ameitumia miaka sita. Upande mwingine nimeona X-Trail ya 2010 cc 2000, bado iko Japan. Kijiweni wote wananiambia chukua RAV4, eti X-Trail ni CVT (auto ya mkanda isiyo na gia), ikipanda mlima wa Kitonga giaboksi inachemka, RAV4 ni auto ya kawaida. Nichukue ipi?

JIBU: Salama kabisa mwalimu. Nianze na hilo la kijiweni maana ndo limekuchanganya. Hiyo RAV4 nayo ni CVT. Umbo lile lilianza kuuzwa Japan mwishoni mwa 2005, na za soko la Japan zilikuja na giaboksi ambalo Toyota wenyewe wanaliita Super CVT-i. Auto ya kawaida ya gia nne walifunga kwenye zile za kuuza nje, na hizi zetu za bandarini karibu zote zilitengenezwa zitembee Tokyo na Osaka. Kwaiyo ukisema unakimbia CVT kwa kununua RAV4, umekimbia mvua ukaingia kisimani.

Ila CVT na CVT hazifanani. La kwenye X-Trail hiyo (umbo la T31, 2007 hadi 2013) mafundi tunalijua kama JF011E, limefungwa pia kwenye Dualis, Serena na hata Outlander za Mitsubishi. Ndani yake hamna gia za kupanda na kushuka, kuna puli mbili na mkanda wa chuma, na kinachobana huo mkanda usiteleze ni hasa presha ya oili. Oili ikichoka au ikipata moto kupita kiasi presha inashuka, mkanda unateleza, vyuma vinasagana, unga wake unaingia kwenye valvu bodi (inayogawa presha ya oili) na hapo ndo safari imeanza. Halikuwa tatizo la barabara za kwetu tu, Marekani mwaka 2009 Nissan waliongeza waranti ya CVT za magari ya 2003 mpaka 2010 kutoka miaka 5 ikawa 10, na kampuni haiongezi waranti kwa ukarimu mwalimu, we mwenyewe unaelewa.

Sasa Kitonga. Kinachouma pale siyo mlima wenyewe, ni semi iliyo mbele yako. Umepita Ruaha Mbuyuni, umenunua vitunguu gunia mbili umetupa nyuma, familia ndani, AC inapuliza, alafu unakuta lori limebeba makontena linapanda kwa mwendo wa kutembea na huwezi kulipita. Gari yako inavuta mzigo kwa nguvu lakini upepo wa kupoza hamna. Joto la oili linapanda taratibu na kompyuta ya giaboksi ikiona limezidi inajilinda, inapunguza nguvu, unakanyaga mafuta gari haiendi. Wengi wakifika hapo wanadhani injini imekufa wanaanza kupiga simu. Ukiona hivyo tafuta sehemu salama upaki, weka P, zima AC, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta dakika kumi na tano hivi, itarudi yenyewe. Lakini ikishakufanyia hivyo mara mbili tatu ujue oili imeungua, usiendelee kuibembeleza.

Dawa yake ipo na siyo ya kutisha. Unafunga kipoza oili (cooler) cha giaboksi mbele ya rejeta, unamwaga oili kila kilomita 40,000, kwa njia yako ya milima mi ningesema hata 30,000, na unaweka NS-2 peke yake, oili ya CVT ya Nissan wenyewe. Nimepokea X-Trail hapa gereji imewekwa ATF, ile oili nyekundu ya auto za kawaida, fundi aliyeiweka alimwambia mwenye gari "oili ni oili tu", gari ilifika kwetu juu ya breakdown. Na kubadili giaboksi la mtumba kwenye hizi Nissan ni kazi ya mtu anayejua, maana kila giaboksi lina data zake kwenye kijimemori kidogo (tunaiita ROM), lazima kije na giaboksi lake na kompyuta isomeshwe upya. Ukifunga tu na kuondoka gari itakuwa inapiga mateke kama punda.

Basi RAV4 ndo imeshinda? Subiri kwanza, ugonjwa wa RAV4 uko kwenye injini. Hiyo 2AZ-FE ya cc 2362, za miaka hiyo ya 2006, 2007, 2008, zina tabia ya kula oili. Ringi ya chini kwenye pistoni, ile ya kukwangua oili, vitundu vyake vinaziba kaboni, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Toyota Marekani waliwabadilishia wateja pistoni na ringi kwenye RAV4 za 2006 hadi 2008 zenye injini hiyo, na kipimo chao kilikuwa kama lita moja kwa kilomita 1,900 hivi, ikizidi hapo ni mgonjwa. Safari yako ya Iringa Dar kwenda na kurudi ni kama kilomita elfu moja. Kwaiyo injini mgonjwa itakunywa nusu lita kila safari, na usipokagua itakufia Mikumi uangaliane na twiga.

Na hapa wauzaji ndo wanapotuchezea. Gari inayokula oili wanaiwekea oili nzito ya 20W-50, moshi unapungua wiki mbili tatu za kuuza. Fundi mwingine atakwambia tupime kompresheni, itasoma vizuri tu, kwa sababu ringi za juu zinazoshika kompresheni ni nzima, mbovu ni ya chini. Kwaiyo kompresheni nzuri isikulaghai kwenye hii injini. We fanya hivi: nenda asubuhi mapema injini ikiwa ya baridi, mwambie jamaa asiiwashe kabla hujafika. Pitisha kidole ndani ya ekzosi, masizi makavu sawa, ya mafuta mafuta shida. Chomoa plagi zote nne uone kama kuna yenye ukoko wa oili. Alafu chungulia nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini, pale silinda hedi inapokutana na bloku, kama kuna ukoko wa pinki au mweupe wa kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka achana nayo palepale, hizi injini nyuzi za boliti za hedi zinang'oka kwenye bloku na kurekebisha kwake ni kushusha hedi na kutia nyuzi mpya za chuma.

Ikipita hapo, mwambie twende Morogoro na kurudi, mafuta naweka mimi. Ni karibu kilomita 400. Pima oili kabla, sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi, ukirudi pima palepale vilevile. Kati ya alama mbili za dipstiki ni kama lita moja, kwaiyo mgonjwa wa kiwango kile cha Toyota atakuwa ameshuka kama moja ya tano ya hapo kati, ni kidogo lakini jicho linaona, na mgonjwa mahututi atashuka zaidi. Safari hiyohiyo usikilize na giaboksi, ukitoka P kwenda R inachelewa? Ukiondoka taratibu inatetemeka? Kuna mluzi unaopanda na spidi? Jamaa akikataa safari, amekujibu.

Kilolo sasa, udongo wa masika. Watu wanauziwa "foo wili" ambayo haipo, nembo ya 4WD inabandikwa tu. Soma namba ya chesisi, RAV4 ikianza ACA31 ni 4WD, ACA36 ni ya kuvuta mbele tu. X-Trail ya cc 2000 ikianza NT31 ni 4WD, T31 tupu bila hiyo N ni ya kuvuta mbele. Kwa matope X-Trail naipa alama zaidi kidogo, ina swichi ya kuzungusha, 2WD, AUTO na LOCK, na viti vyake pamoja na sakafu ya buti nyingi havipitishi maji, viazi vikitoka shamba na udongo wake unafuta na kitambaa. RAV4 ina kitufe cha lock pia, ukivuka kilomita 40 kwa saa kinajitoa chenyewe. Zote hazina gia nzito kama Prado, kwaiyo usijaribu kufuata njia ya trekta.

Spea sikuchoshi. 2AZ iko kwenye Harrier, Alphard, Ipsum, Estima, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, unachagua kama nyanya. Za X-Trail zipo pia, giaboksi tu ndo bahati nasibu. Mafuta X-Trail inakula nafuu kidogo. Kodi: RAV4 imeshalipiwa, X-Trail unalipa mwenyewe, ushuru wa bidhaa kwa cc 2000 ni asilimia 5 badala ya 10 ya zaidi ya hapo, lakini gari iliyozidi miaka kumi inaongezwa 30 ya uchakavu, kwaiyo ingia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi Japan.

Mimi ningefanyaje? Ningeanza na RAV4, kwa sababu moja tu, ipo Dar, naweza kuikalia, kuinusa na kuipeleka Morogoro, wakati X-Trail naiona kwenye picha kumi na mbili zilizopigwa imeoshwa. RAV4 ikifaulu hayo yote nainunua na kubadili oili ya giaboksi wiki hiyohiyo. Ikifeli kwenye oili, hata akipunguza milioni mbili siichukui, labda awe amepunguza gharama nzima ya kufungua injini na kuweka pistoni mpya na ringi, hapo tunaongea.

Ikifika zamu ya X-Trail, mwambie agenti akutumie karatasi ya mnada, siyo maelezo yake, karatasi yenyewe. Gredi 4 au 3.5 sawa. Ukiona R au RA ni gari iliyogongwa ikarekebishwa. Na kwenye hizo milioni 28 tenga pembeni hela ya kipoza oili na oili ya NS-2, gari ikitoka bandarini ipite gereji kwanza kabla haijaiona Kitonga. Plagi zake usimwachie kijana akaze kwa nguvu zote, kuta za injini yake, MR20, pale ni nyembamba zinapasuka. Namba ya chesisi ukiipata nitumie niiangalie kabla hujalipa.