Kabla ya Kusaini na Msambazaji wa Bidhaa za Usafi

Nimesimamia usafi katika majengo makubwa ya Dar es Salaam kwa miaka 12, kwanza hotelini na baadaye katika hospitali yenye vitanda zaidi ya 300. Katika muda huo nimefunga mikataba na wasambazaji saba wa sabuni, klorini na dawa za vyoo, na makosa niliyoyafanya yaliwaumiza watu wengine kuliko yalivyoniumiza mimi. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu aliyekabidhiwa bajeti ya usafi ya shule, kiwanda, hospitali au jengo la ofisi, na ambaye tayari mezani kwake kuna profoma nne, yaani hati za bei kutoka kwa wasambazaji, ambazo kwa macho zinatofautiana bei peke yake.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kulinganisha bei ya dumu. Msambazaji mmoja aliniuzia sabuni ya sakafu ya lita 20 kwa shilingi 30,000, mwingine akataka 70,000, nami nikamchukua wa kwanza bila kufikiri mara mbili. Sabuni ile ya bei nafuu ilihitaji sehemu moja kwa sehemu 10 za maji, kwa hiyo dumu lilitoa lita 220 za maji ya kudekia, sawa na shilingi 136 hivi kwa lita. Ile ya 70,000 ilikuwa nzito na ilichanganywa moja kwa 60, ikatoa lita 1,220, yaani shilingi 57 kwa lita. Kwa mwaka mzima nililipa zaidi ya maradufu huku nikiamini kuwa ninaokoa fedha. Tangu hapo, kila profoma inayoletwa kwangu lazima ioneshe kiwango cha kuchanganya na bei ya lita moja iliyo tayari kutumika, na hesabu hiyo naihakiki kwa ndoo na kikombe cha vipimo, kwa sababu maelezo ya lebo na utendaji wa sabuni sakafuni havilingani kila mara.

Klorini ndiyo iliyonifunza zaidi. Mwaka mmoja nilipewa punguzo zuri kwa sharti la kuchukua akiba ya miezi mitatu kwa mpigo, tukayapanga madumu katika stoo ya mabati isiyo na dari. Baada ya wiki kumi hivi, muuguzi anayesimamia udhibiti wa maambukizi alikuja na karatasi za kupimia klorini, akatuonyesha kwamba mchanganyiko tuliokuwa tukiuita wa asilimia 0.5, ambao ndio unaotumika kusafishia mahali palipomwagika damu, haukufika hata karibu na kiwango hicho. Hapakuwa na aliyeiba wala aliyekosea vipimo. Klorini ya maji huvunjika yenyewe kwa joto na mwanga, na stoo yetu mchana ilikuwa tanuri. Ukinunua klorini ya asilimia 3.5, unachanganya sehemu moja na sehemu sita za maji ili upate 0.5, lakini ikiwa imekwisha kushuka hadi asilimia 2, mchanganyiko uleule unakupa chini kidogo ya 0.3, na mfanyakazi anayeutumia hana namna ya kujua, kwa kuwa harufu bado ipo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa msambazaji wa klorini siku hizi linahusu tarehe ya kutengenezwa, na bei huja baadaye. Nataka tarehe hiyo ichapwe kwenye dumu lenyewe, dumu liwe lisilopitisha mwanga, na mzigo uletwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Tunapima mbele ya dereva kabla ya kusaini hati ya kupokelea, na msambazaji anayekasirishwa na kipimo hicho simpi mkataba. Kwa vituo vilivyo mbali, ambako gari haliwezi kufika kila mara, ni afadhali klorini ya chembechembe ya asilimia 70, ambayo hudumu muda mrefu zaidi ikiwekwa pakavu na mbali na tindikali. Gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji hutoa ile asilimia 0.5.

Upande wa nyaraka, hapa Tanzania mfanyabiashara wa kemikali za viwandani na majumbani anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2003. Omba kuona cheti chake cha usajili na uangalie kama muda wake haujaisha. Angalia pia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na udai taarifa za usalama za kila kemikali, zile zenye vipengele 16, zinazoeleza kilichomo ndani, namna ya kuihifadhi na huduma ya kwanza.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya mfanyakazi wetu mmoja. Msambazaji wa wakati ule alituletea dawa ya choo yenye tindikali, pamoja na klorini, vyote katika madumu ya rangi moja yasiyo na lebo. Kijana akamimina ya kwanza chooni, doa halikutoka, akaongeza ya pili. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na choo kile kilikuwa na dirisha dogo tu. Tulimkuta ameegemea ukuta wa korido akikohoa, akakimbizwa chumba cha dharura, na tunamshukuru Mungu alipona. Tangu siku hiyo dumu lisilo na lebo ya Kiswahili haliingii stoo kwangu, hata kama limeletwa bure.

Kuna mtego mwingine ambao hotelini ulituchelewesha mwaka mzima. Msambazaji alitufungia ukutani vibweta vya kutolea sabuni ya mikono katika kila choo bila malipo, tukafurahi, kisha tukagundua kwamba vinapokea mifuko ya sabuni yake peke yake. Mwaka wa pili alipandisha bei, nasi tusingeweza kuondoka bila kutoboa upya kuta zote. Kubali vifaa vya bure ikiwa vinajazwa kwa sabuni ya yeyote, au ikiwa bei ya kujazia imeandikwa katika mkataba kwa muda wote wa mkataba huo. Kuhusu sakafu nitasema kwa ufupi: marumaru, na terazo iliyotengenezwa kwa vipande vya marumaru, huliwa na tindikali, hivyo kila dawa mpya ijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Kabla ya kusaini, omba mwezi mmoja wa majaribio katika sehemu moja ya jengo, kisha kaa na wanaodeki. Katika jaribio letu la mwisho ripoti yangu ilikuwa nzuri tupu: sakafu zinang'aa, gharama imeshuka, mzigo umefika kwa wakati. Mama mmoja wa wodi ya wazazi akanifuata pembeni, akavua glavu na kunionyesha viganja vilivyopasuka hadi kutoa damu, kwa kuwa sabuni ile ilikuwa ikipenya kwenye glavu nyembamba tulizowapa. Nilimpigia msambazaji jioni ileile. Alifika kesho yake asubuhi na glavu nzito, akakaa na kina mama saa nzima akiwaelekeza namna ya kuchanganya, na wiki iliyofuata akaleta sabuni nyingine isiyo kali. Huyo ndiye niliyempa mkataba, ingawa bei yake ilikuwa ya pili kutoka chini.